Mpimeni Mtoto, Msipime Ukumbi

Siku hizi ukitamka kwamba gauni la mtoto la sikukuu utalishona mwenyewe, au utalipeleka kwa fundi wa mtaani, kuna watu watakutazama kwa huruma. Wataulizana pembeni kama kazini kwa baba yake kuna tatizo. Ukiongeza kuwa siku yake ya kuzaliwa mtaifanyia nyumbani, uani, alasiri, kwa pilau na juisi ya ukwaju, huruma inageuka nasaha: mtoto ni huyo huyo mmoja, siku yenyewe ni mara moja kwa mwaka, jikazeni mumtafutie ukumbi. Hapa Dar es Salaam rai hii imeshakuwa kama sheria. Mapenzi ya mzazi yanapimwa kwa alichonunua na alichokodi, na kinachotengenezwa nyumbani kinahesabiwa kuwa ni cha asiye nacho.

Rai hiyo naipinga yote. Sisemi kwamba kushona na kupika nyumbani ni njia ya kuvumilia mpaka hali iwe nzuri. Nasema nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtoto, na sherehe iliyopangwa kwa kipimo cha mtoto, ni bora kuliko za kununua na kukodi, hata kwa familia yenye uwezo wa kulipia ukumbi wowote mjini. Na sababu ninazozileta zinaanzia kwa mtoto mwenyewe, kwenye shingo yake, tumbo lake, magoti yake na usingizi wake.

Nendeni Mtaa wa Kongo pale Kariakoo wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi muone magauni ya watoto yanavyoning'inia. Kwa mbali yanapendeza. Ukiyashika, mengi ni poliesta juu, neti ya nailoni chini, na bitana isiyopitisha hewa. Ni mavazi ya nchi ya baridi, nasi tunamvika mtoto katika mji ambao mwezi wa Desemba jasho linakutoka ukiwa umeketi kivulini. Geuza gauni ndani nje kabla hujalipa. Mara nyingi utakuta neti imeshonewa kiunoni ikaachwa hivyo hivyo, ncha zake ngumu zinaelekea kwenye ngozi. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusema kwamba kiuno kinamkwaruza. Analia, na sisi tunasema ana usingizi, au tunamtafuta aliyemtupia jicho.

Kipimo nacho kimeandikwa kwa umri: mwaka 1, miaka 2, miaka 3. Umri si kipimo. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kutofautiana kifua na urefu kiasi kwamba gauni linalomtosha mmoja linamkaba mwenzake. Halafu umbo la mtoto si umbo la mtu mzima lililopunguzwa. Akiwa na mwaka mmoja, mzunguko wa kichwa chake ni kama sentimita 46, na kifua chake kinakaribia kiasi hicho hicho. Kwa hiyo nguo inayomkaa vizuri kifuani, yenye shingo ndogo ya kupendeza, haipiti kichwani bila kilio. Fundi anayejua kazi huacha mpasuo mgongoni na kuufunga kwa vifungo viwili vitatu, au huweka vishikizo begani. Tumbo la mtoto huyo limetoka mbele, na chini yake kuna nepi. Kiuno cha kubana kinamfaa mwanasesere. Yeye linamfaa gauni linaloanzia kifuani na kufunguka, lenye marinda machache na nafasi ya kupumua baada ya kula.

Kuna jambo jingine ambalo aliyekaa sakafuni na mtoto anayetambaa hawezi kulikosa. Mvike gauni refu umweke mkekani. Anapeleka mkono mbele, goti linafuata, goti linakanyaga pindo la mbele la gauni lake mwenyewe, shingo inavutwa chini, anaangukia uso. Anajaribu tena, goti linakanyaga tena. Mtoto huyo hajavalishwa, amefungwa. Fundi akiambiwa kwamba bado anatambaa atakata gauni liishie juu ya goti, na chini ashone kaptula ya kitambaa hicho hicho yenye lastiki laini, ya kufunika nepi. Aliyelikata gauni la dukani hakuwa na wa kumwambia hivyo.

Na usalama je? Keki ina mshumaa, mtoto ameinamishwa aupulize, na kifuani ana matabaka ya neti. Poliesta na nailoni zikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo huwaka, tena upesi, nisije nikadanganya watu. Lakini kipande kimoja cha pamba kilichokaa karibu na mwili ni tofauti kabisa na neti iliyopanuka na kuingia kila mahali. Anayetaka kujua kitambaa alichouziwa achomoe nyuzi mbili tatu aziwashe juu ya sahani. Pamba itanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta itajikunyata iwe punje ngumu nyeusi. Viwango vya Ulaya vimekataza kamba za kufunga na kuning'inia kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo, kwa sababu zimewahi kunasa na kukaba. Kwetu kamba hizo bado zinauzwa kama urembo.

Sasa hoja ya pesa, kwa kuwa ndiyo inayotupwa mbele kila mara. Wanasema kushona ni ghali, na kwamba bei ya kitambaa peke yake inanunua nguo tatu za mitumba. Kwa nguo za kushindia, za kuchezea matope, wanasema kweli, na mimi simshauri mtu yeyote akashone fulana za kuchezea. Mitumba imevalisha watoto wa nchi hii na itaendelea kuwavalisha. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa sokoni ndani ya miaka michache. Marekani ikatishia kuzifungia mlango wa soko lake, na nyingi zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Sina haja ya kulirudia gomvi hilo hapa. Hata hoja ya kumwinua mkulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu, ambayo naiheshimu, nitaiacha ipite, kwa sababu nguo ya mtoto lazima kwanza imfae mtoto.

Lakini wanaosema kushona ni ghali hawalinganishi na mtumba wa kushindia. Wanalinganisha na gauni la sherehe, lile la neti, linalovaliwa saa tatu, likapigwa picha, likatundikwa, na likitolewa tena kabatini halipandi mabegani. Hapo hesabu inageuka. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na akitimiza mwaka anafika karibu 75. Akishapita miaka 2 mwendo unapungua: anaongeza sentimita 6 hadi 8 kwa mwaka mpaka karibu na kuanza shule, na sehemu kubwa inaingia kwenye urefu, kiuno kinabadilika kidogo tu. Anayezijua tarakimu hizi anajua namna ya kushona nguo ya sherehe isiyokufa baada ya sherehe. Ataacha pindo la sentimita 8 badala ya 2, na kwenye mishono ya ubavuni ataacha nafasi ya kutosha kufumua na kupanua. Gauni la namna hiyo linavaliwa Idi hii, Idi ya mwaka ujao, na harusi ya shangazi katikati, kisha linamshukia mdogo wake pindo likiwa limekunjwa upya.

Chukueni khanga. Kipande kimoja kina upana wa kama mita 1.5 na kimo cha kama mita 1.1, na doti ina vipande viwili. Kimoja mama anajifunga siku ya sherehe, kingine kinatoa gauni la mtoto wa miaka 2 na kitambaa cha kichwa juu. Kwanza khanga ifuliwe, tena mara mbili, kwa sababu mpya ina wanga na rangi yake hutoka, na pamba hurudi ikiguswa na maji. Ukikata kabla ya kufua, gauni litakuwa fupi siku ya pili ya kuvaliwa. Kisha fundi anaitandaza ili pindo la khanga liangukie chini ya gauni. Hapo kuna ugumu: pindo lenye nakshi likishakuwa mwisho wa gauni, huwezi kulikunja ndani kwa akiba, utaupoteza uzuri wake. Mafundi wenye umri wanajua la kufanya. Juu ya pindo wanapiga mikunjo miwili ya kulala, kila mmoja unameza sentimita 3, na wanaishona kwa hatua ndefu ili ifumuke bila kuharibu kitambaa. Mtoto akikua unafumua mkunjo mmoja. Akikua tena unafumua wa pili. Mstari unaobaki pale mshono ulipokuwa unafichwa kwa utepe au kwa kutarizi kidogo. Ufundi huo unahitaji pasi, uzi, na mtu aliyemshika mtoto akampima.

Wengine watasema mafundi wenyewe ndio wametufukuza. Umepeleka kitambaa, umeambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa unakuta kitambaa kiko pale pale kwenye mfuko, na usiku wa kuamkia Idi unakabidhiwa gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Yamenikuta hayo, na hasira yake naijua. Lakini tujiulize kitambaa tulikipeleka lini. Fundi aliyekaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga ana misimu miwili mitatu ya mafuriko: Ramadhani, Desemba, na Januari ya sare za shule. Anayepeleka kitambaa tarehe 25 Ramadhani anaomba muujiza. Kipelekwe Shabani. Mtoto apelekwe naye apimwe, au kama hatulii, ipelekwe nguo yake moja inayomkaa vizuri ili fundi aipime hiyo na kuongeza. Malipo ya awali yatolewe, na siku ya kujaribu iwekwe kabla ya siku ya kuchukua, nguo ikiwa bado imepigwa bandi, ili kasoro ionekane wakati bado inarekebishika. Anayeyafanya haya hupata fundi tofauti kabisa na yule anayelaumiwa.

Nije kwenye hoja ninayoiheshimu kuliko zote, inayosemwa na kina mama wanaofanya kazi. Wanasema: ninyi mnaosifia nguo za kushona na sherehe za nyumbani mnamwongezea mwanamke mzigo. Anatoka kazini saa 11 jioni, ana foleni ya mwendokasi, ana chakula cha jioni, halafu mnataka akae kwenye cherehani na kuumua maandazi ya watoto ishirini? Kukodi ndiko kumemkomboa.

Ingekuwa kweli kukodi kumemkomboa, ningenyamaza. Tazameni anavyokombolewa. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe anafungua kundi la michango la WhatsApp, anabembeleza watu wazima mmoja mmoja kama mdai. Anajadiliana na mpambaji juu ya rangi ya maua bandia. Anamfuata mpiga picha, mpishi, mshereheshaji, mwenye spika, mwenye yale majumba ya upepo ya kurukia. Anachagua kitambaa cha sare, na shangazi waliokosa sare wananuna. Siku yenyewe hamuoni mwanawe, kwa sababu yuko mlangoni anasuluhisha vyakula vilivyopungua. Usiku anahesabu deni. Huyo hakupunguziwa kazi, amepewa kazi ya umeneja bila mshahara, na mzigo ule ule wa mapishi ameulipia.

Sherehe ndogo ya nyumbani inagawanyika mikononi mwa watu wengi kwa namna ambayo ya ukumbini haigawanyiki. Bibi anapalia keki ya mkaa, moto juu na moto chini, kazi ambayo hakuna aliyemshinda. Mjomba anakuna nazi na kubeba viti. Jirani anakaanga vitumbua kwenye chungu chake mwenyewe. Na baba ashone. Nani kasema sindano ni ya mama? Wengi wa mafundi cherehani tunaowapelekea vitambaa barazani ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Baba anayeweza kubadili tairi anaweza kushona kaptula ya lastiki ya mtoto wa mwaka mmoja. Ina mishono michache tu. Kama mzigo unamwelemea mama, dawa ni kuugawa, na ukumbi hauugawi.

Halafu tuseme wazi sherehe hizi za ukumbini ni za nani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Kadi ya mwaliko inasema saa 12 jioni. Wageni wanafika saa 2 usiku. Mshereheshaji anawaingiza kwa makundi, wa baba upande huu, wa mama upande ule, kila kundi na wimbo wake, spika zimeelekezwa kwenye meza ya mbele ambako mwenye sherehe ameketishwa. Keki inakatwa saa 4. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mtoto akiamshwa kutoka begani kwa mama yake mdogo, akapanguswa uso kwa kitambaa chenye maji, akashikishwa kisu, taa za kamera zikamulika, akalia kwa hofu, na ukumbi mzima ukashangilia. Katika ukumbi ule hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alikuwa amechanga kwa mapenzi. Ila hakuna aliyejiuliza saa ya kulala ya mtoto ni ngapi, kwa sababu tangu mwanzo mipango haikumhusu.

Hata mapambo hayakumhusu. Maputo yale ya mpira yaliyotengenezewa tao la mlangoni yakipasuka, vipande vyake vinaokotwa na watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Sheria ya Marekani inataka pakiti za maputo ya mpira ziwe na onyo la hatari ya kukabwa kwa watoto walio chini ya miaka 8. Njugu, bisi na pipi ngumu zinazowekwa mezani ni hatari hizo hizo kwa walio chini ya miaka 4. Uani kwako unajua nani anakula nini, na unaweza kuweka embe lililokatwa, ndizi, maandazi laini, na beseni la maji lenye vikombe vya plastiki chini ya macho ya shangazi mmoja asiyeondoka. Mtoto wa mwaka mmoja akipewa beseni lile atalicheza mpaka nguo zilowe chapachapa. Wakubwa wake wacheze rede na kombolela. Ianze saa 9 alasiri, akishaamka usingizi wa mchana, na saa 11 na nusu kila mtu aende kwake.

Watu wa pwani walikuwa na sherehe za watoto kabla ya ukumbi kujengwa, na bado wanazo. Akika inafanywa siku ya saba: mbuzi wawili wakichinjwa kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, mtoto ananyolewa nywele, anapewa jina, nyama inaliwa na kugawiwa majirani na wasio nacho. Mwenye sherehe amelala ndani muda wote, na hakuna anayemwamsha. Arobaini inamtoa mama na mtoto nje baada ya mapumziko ambayo mwili wa mzazi unayahitaji. Sikukuu za Idi, watoto wa Unguja wanavalishwa nguo mpya na kupelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja, wamepewa pesa kidogo mkononi za kununulia wanachotaka wao. Sisemi kwamba zamani hakukuwa na majivuno. Kulikuwa na watu waliochinja ili waonekane. Lakini umbo la sherehe zenyewe lilimwacha mtoto awe mtoto.

Wamebakia wanaoogopa aibu. Mtoto atajisikiaje wenzake wakifanyiwa makubwa? Wa mwaka mmoja hajisikii lolote. Aibu hiyo ni yetu, tusimtwike. Wa miaka 5 au 6 anajisikia, ni kweli, na huyo anastahili kuulizwa. Mchukueni dukani achague kitambaa mwenyewe. Pengine atachagua rangi ambayo ninyi msingeichagua, chungwa na zambarau kwa pamoja. Nunueni hiyo hiyo. Mwacheni aseme anataka mifuko mingapi, kwa sababu watoto wa umri huo wanapenda mifuko na nguo nyingi za sherehe za dukani hazina. Mwacheni akae karibu na cherehani akimwangalia fundi anavyokanyaga. Akivaa gauni hilo atawaeleza wenzake jinsi lilivyotengenezwa, na hamtalisikia neno aibu.

Kwa upande wangu nimeshaamua. Michango ya ukumbi wa mtoto wa mwaka mmoja sitoi tena, na nimewaambia ndugu zangu hivyo kwa mdomo wangu, baadhi wamenuna. Anayenialika kwa mwanawe nitamwendea wiki tatu kabla ya siku, nikiwa na mita mbili za pamba zilizokwisha kufuliwa, futi ya kamba mkononi, na nitamwomba anipe mtoto nimpime.